Gari ikiharibika, hasara ni ya nani? Swali ambalo wagombea hawaulizwi

Uzi mrefu kidogo. Weka simu kwa chaji.

Mdahalo wowote ukifika kwa gharama ya maisha, magari hujadiliwa hivi. Mmoja anasema ushuru umezidi. Mwingine anasema bila ushuru hakuna barabara. Wa tatu anaahidi kulegeza umri wa magari ya kuagiza ili mwananchi wa kawaida naye apate. Dakika zinaisha, msimamizi anahamia bei ya unga.

Hakuna anayeuliza: gari ikishanunuliwa, halafu iharibike mwezi wa tatu, hiyo hasara ni ya nani? Ya mnunuzi, ya yadi, ya gereji, ama ya aliyekuuzia waranti? Hilo ni swali la siasa kabisa. Linahusu sheria inambebesha nani mzigo.

Tuanze na ushuru tumalizane nao. Tangu Julai 2023 ushuru wa forodha wa magari ulipanda kutoka 25% hadi 35%. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa, ambao kwa gari ndogo ya petroli isiyozidi 1500cc ni 20%. Kisha VAT ya 16%. Na kila moja inapigwa juu ya jumla iliyotangulia, si juu ya bei ya kwanza. Kwa hivyo gari ambayo KRA imeipa thamani ya shilingi 100 inakuwa 135, halafu 162, halafu karibu 188, kabla ya zile tozo ndogo ndogo za bandarini.

Ni pesa nyingi, sikatai. Lakini hesabu hiyo ina mwisho. Unalipa mara moja. Gereji haina mwisho.

Mnakumbuka Mswada wa Fedha wa 2024? Ulipendekeza kodi ya gari ya 2.5% ya thamani yake, isipungue shilingi 5,000 na isizidi 100,000, ilipwe pamoja na bima. Nchi nzima ilijua hizo namba kwa kichwa, na mswada wote ukaondolewa Juni ile. Kodi inaonekana. Ina kifungu, ina asilimia, ina mtu wa kulaumiwa. Giaboksi ikikufa haina kifungu. Unalia peke yako kwa gereji, unatuma M-Pesa, unaenda nyumbani na matatu.

Sasa tuingie kwa yadi.

Magari mengi tunayonunua ni ya mtumba kutoka Japani. Kiwango cha KS 1515:2000 kinasema gari ya kuagizwa isizidi miaka minane tangu isajiliwe mara ya kwanza, na lazima ikaguliwe huko ilikotoka kabla ya kupakiwa melini. Watu husikia "imekaguliwa" wakadhani imepewa dhamana. Hapana. Cheti cha ukaguzi kinasema siku ile ilipoangaliwa gari ilifaa kuwa barabarani. Hakisemi chochote kuhusu injini yako baada ya Naivasha kwenda na kurudi mara kumi. Na waranti ya kiwandani, ambayo gari mpya huja nayo kwa miaka michache ama kilomita kadhaa, iliishia huko huko Japani zamani.

Kuna mwanauchumi Mmarekani, George Akerlof, aliyeandika mwaka 1970 kuhusu soko la magari mitumba. (Majarida matatu yaliikataa hiyo makala kabla ya kuchapishwa. Mwaka 2001 alipata Nobel, kwa hivyo wewe ambaye projekti yako imerudishwa na msimamizi, kaza roho.) Hoja yake ni rahisi: muuzaji anaijua gari, mnunuzi haijui. Kwa sababu mnunuzi hawezi kutofautisha nzuri na mbovu, analipa bei ya katikati. Mwenye gari nzuri anaona bei hiyo ni ya kumwonea, anaondoka sokoni. Zinazobaki ni zile mbovu.

Na Akerlof mwenyewe alitaja dawa moja: dhamana. Muuzaji akisema "ikiharibika nitabeba mimi," hatari inahama kutoka kwa mnunuzi kwenda kwa yule anayeijua gari. Waranti ya kweli ni hiyo. Ni muuzaji kuweka pesa yake nyuma ya maneno yake.

Sasa linganisha na waranti unayouziwa. Hizi za kuongezwa, unazolipia kando ya bei ya gari, mara nyingi zimebadilisha mchezo. Wewe ndiye unalipa ili muuzaji aseme gari yake ni nzuri. Tena anayeahidi si muuzaji, ni kampuni ya tatu ambayo hata haijaona hiyo gari. Hatari haijarudi kwa anayejua. Imezungushwa tu, na wewe umelipia mzunguko.

Halafu kuna maandishi madogo. Mkataba wa kawaida wa aina hii unataja sehemu zinazolindwa, kwa kawaida injini na giaboksi, pengine na vifaa vichache vya umeme. Kisha unataja visivyolindwa, na orodha hiyo ndiyo ndefu: vitu vya kuchakaa kama breki pedi, klachi, bushi na shoki, uharibifu uliotokana na joto kupita kiasi, gari ambayo haikufanyiwa servisi kwa tarehe, ama ilifanyiwa kwa gereji ambayo kampuni haiitambui. Pia kuna kikomo cha kiasi watakacholipa, na mara nyingine wiki za kungoja kabla waranti ianze kufanya kazi.

Mjomba wangu alichukua moja kama hiyo, miezi kumi na miwili, injini na giaboksi. Redieta ikavuja polepole bila yeye kujua, maji yakaisha, injini ikapata moto, gaskiti ikaenda na kichwa cha injini kikapinda. Akapiga simu akiwa na amani kabisa. Jibu: redieta haimo kwenye orodha, na injini imekufa kwa sababu ya joto, na joto limetengwa. Yaani injini inalindwa, ila isiwe imeharibika kwa njia ambayo injini nyingi huharibika. Kampuni siitaji, na kusema ukweli haikuvunja mkataba. Mkataba uliandikwa hivyo.

Na hapa ndipo nataka wafuasi wa siasa wasimame kidogo, kwa sababu jibu la kawaida ni "si angesoma kwanza." Sawa. Lakini sheria ya Kenya haikuishia kwa "si angesoma".

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaostahili. Halafu kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Hiyo inasema bidhaa unayouziwa na mfanyabiashara inachukuliwa kuwa na dhamana ya ubora unaokubalika, hata kama hakuna aliyeiandika. Na sharti la mkataba linalojaribu kuifuta halina nguvu. Ule muhuri wa "mali ikishauzwa hairudishwi"? Ni wino tu, kama bidhaa ilikuwa mbovu. Bila shaka ubora wa gari ya miaka saba si ubora wa gari mpya, na hapo ndipo mawakili hula. Lakini huanzi na mikono mitupu.

Bora zaidi: sheria hiyo ina sehemu nzima kuhusu ukarabati wa magari. Haswa magari. Nilipoiona mara ya kwanza nilirudia kuisoma nikidhani nimefungua sheria ya nchi nyingine. Fundi ama gereji hairuhusiwi kukutoza bila kukupa makadirio kwanza, isipokuwa wewe mwenyewe umeyakataa na mkakubaliana kiwango cha juu kabisa. Bili ya mwisho haifai kupita makadirio kwa zaidi ya 10%. Vipuri vilivyotolewa unafaa kurudishiwa ukivitaka, ndiyo ujue kweli kitu kilibadilishwa. Na kazi iliyofanywa, pamoja na vipuri vipya ama vilivyokarabatiwa alivyofunga, vina dhamana ya angalau siku 90 ama kilomita 5,000, lolote litakalotangulia.

Siku 90. Bure. Imo kwenye sheria tangu 2012. Kuna watu wanalipia waranti ilhali haki kama hii wanayo tayari na hawaijui.

Kwa nini basi hakuna mtu anaitumia? Nina majibu mawili na yote yanauma.

La kwanza ni lile la Mancur Olson, ambaye mwanafunzi yeyote wa siasa amelazimishwa kumsoma. Kundi dogo lenye faida kubwa hujipanga haraka. Kundi kubwa ambalo kila mtu anapoteza kidogo halijipangi kamwe. Wenye matatu wana chama. Wanabodaboda wana chama. Waagizaji wa magari wana sauti kila mswada wa fedha ukija. Mwenye Vitz moja, anayeipeleka gereji mara nne kwa mwaka, hana chama, hana msemaji, na hasira yake huisha gari ikiwaka.

La pili ni gumu zaidi, na ndilo linanifanya nisiwe mkali sana. Sheria hii iliandikwa kama kwamba kila fundi ana ofisi, kompyuta na kitabu cha risiti. Nenda Kirinyaga Road, ile ambayo watu bado huiita Grogan, uone. Fundi wako hana meza. Anasikiliza injini, anakwambia "lete bushi na stabilaiza," unaenda duka la tatu kununua mwenyewe, anafunga, unamlipa mkono kwa mkono. Spea ikikufa baada ya wiki mbili, ni kosa la nani? Duka litasema ilifungwa vibaya. Fundi atasema umeleta feki. Wote wawili wanaweza kuwa wanasema ukweli. Huwezi kumtwisha huyo fundi mzigo wa gereji kubwa bila kumfukuza kazini, na akifukuzwa wewe ndiye utalipa bei ya gereji kubwa. Mgombea akikuahidi "kuwasafisha mafundi wa jua kali," muulize kwanza gari za watu zitaenda wapi.

Wengine wamejaribu vipi? Afrika Kusini, Tume ya Ushindani ilitoa miongozo ya soko la ukarabati wa magari, ikaanza kutumika Julai 1, 2021. Mwenye gari anaweza kuipeleka kwa gereji huru waranti ikiwa bado inaendelea bila kupoteza waranti yote kwa sababu hiyo tu. Na muuzaji anafaa kuonyesha bei ya gari kando na bei ya waranti au mpango wa servisi, ndiyo ujue unalipia nini. Lakini msinukuu hiyo kwenye mdahalo bila kuongeza hili: Afrika Kusini wanaunda magari yao, na hawaruhusu mitumba kuingia sokoni hivi hivi kama sisi. Kwao vita ni kati ya gereji huru na watengenezaji. Kwetu mtengenezaji hayuko hata kwenye chumba. Tunachoweza kukopa ni lile la bei mbili kwenye risiti, moja ya gari na moja ya waranti. Halihitaji kiwanda.

Kitu kingine ambacho hakiingii kwenye mazungumzo ya waranti ila kinafaa: barabara. Julai 2024 tozo ya matengenezo ya barabara ilipanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Ukiweka lita 40, umelipa shilingi 1,000 ya barabara kwa mara moja. Halafu shimo la mtaani kwenu linakula bushi na shoki, vitu ambavyo kama nilivyosema hakuna waranti inavigusa. Umelipia barabara, umelipia waranti, na bushi bado ni yako.

Kwa hivyo msimu ukifika na mtu amesimama jukwaani anaongea magari, mwacheni aseme ya ushuru, halafu muulizeni haya. Sheria ya 2012 inasimamiwa na nani mtaani, na ana bajeti ya shilingi ngapi? Anayechukua pesa yako leo akiahidi kulipa gari ikiharibika kesho anafanya kazi inayofanana sana na bima: je, atawekwa chini ya msimamizi wa bima ama ataendelea kuandika masharti yake mwenyewe? Na fundi asiye na ofisi ataingizwaje kwenye mfumo bila kuuawa na karatasi? Akijibu "tutaunda jopokazi," mmeshajua.

Wakati mnangoja, Mahakama ya Madai Madogo ipo. Inashughulikia kesi za hadi shilingi milioni moja, si lazima uwe na wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Utahitaji karatasi: makadirio, risiti, ujumbe wa simu, picha ya kipuri kilichotolewa. Hata fundi asiye na kitabu anaweza kukuandikia makadirio kwa WhatsApp.

Kama uliwahi kupeleka yadi ama gereji huko, andika hapa chini ilichukua siku ngapi na kama ulilipwa kweli. Majina wachana nayo.