Mto Unavyokosa Pumzi, na Jinsi ya Kuurudishia

Ukiuona Mto Kiwira unavyopita kwa kishindo chini ya Daraja la Mungu, pale Rungwe, ni vigumu kuamini kwamba mto wa namna hii unaweza kuzidiwa na vyoo. Lakini mto nao unapumua. Hebu tupige hesabu kidogo.

Lita moja ya maji safi ya mto hubeba takriban miligramu 8 za oksijeni. Samaki na wadudu wa majini wanaishi kwa hiyo. Sasa mwaga majitaka. Bakteria wanaanza kula kinyesi, mabaki ya chakula na mafuta, na wakati wanakula wanatumia oksijeni ileile. Lita moja ya majitaka ghafi ya majumbani inaweza kuhitaji miligramu 300. Gawanya mwenyewe: lita moja chafu inaweza kumaliza oksijeni ya zaidi ya lita 35 za maji safi!

Kiwira una bahati. Unashuka kwa kasi kutoka milimani, unagonga mawe na kuvuta hewa njiani. Ukifika tambarare za Kyela, kabla ya kuingia Ziwa Nyasa, mwendo unapungua na uwezo huo nao unashuka. Halafu kuna vijidudu vya magonjwa, ambavyo kishindo cha maji hakiviui. Kyela imewahi kukumbwa na kipindupindu. Kwa hiyo anayetapisha choo huku juu mvua ikinyesha, anawapelekea majirani wa chini.

Tufanyeje? Kanuni za Tanzania za mwaka 2007 zinataka majitaka yanayoingia mtoni yasihitaji zaidi ya miligramu 30 za oksijeni kwa lita, kwa kipimo cha siku 5. Yaani, kutoka kwenye 300 tuliyoanza nayo, sehemu 9 kati ya 10 ziondolewe kwanza.

Njia nafuu ni mabwawa ya kutibu majitaka, ambayo tayari yapo katika miji kadhaa nchini. Bwawa la kwanza ni la kina kirefu: tope linatua chini na bakteria wasiohitaji oksijeni wanalimeng'enya. La pili lina kina cha mita moja na nusu hivi. Mwani unatengeneza oksijeni kwa jua, bakteria wanaitumia kumalizia uchafu. La mwisho ni la kina kifupi, ili mwanga wa jua upenye na kuua vijidudu. Hakuna mtambo wala bili kubwa ya umeme.

Ila Tukuyu siyo Dar es Salaam. Kwenye baridi bakteria wanafanya kazi polepole, hivyo kwa watu walewale bwawa la Rungwe lazima liwe kubwa zaidi. Ukinakili mchoro wa Pwani, umejenga shimo la harufu.

Jambo la pili: nyumba nyingi za miji midogo kama Kiwira zinatumia vyoo vya shimo au mashimo ya majitaka, siyo mabomba. Bwawa bila gari la kunyonya majitaka, kwa bei ambayo mwenye nyumba anaimudu, litabaki kavu huku watu wakiendelea kutapisha.

Je, mto unarudi kweli? Mwaka 1957 wanasayansi wa London waliutangaza mto Thames kuwa umekufa. Mitambo ya majitaka ikaboreshwa, na mwaka 1974 samaki aina ya salmon akaonekana tena. Hapa kwetu, Mto Mlalakuwa unaopita Mwenge na Mikocheni ulifanyiwa mradi wa kuurejesha katika muongo wa 2010, ukihusisha serikali, kampuni na wakazi wa mitaa, kwa sababu takataka na majitaka vilikuwa vinaingia kwa pamoja.

Kiwira haujafika alipofika Thames, na hapo ndipo penye nafuu yetu: kuzuia ni rahisi kuliko kufufua. Kikao kijacho cha mtaa wako, uliza swali moja tu: gari la majitaka likishajaa, linakwenda kumwaga wapi?