Zimamoto Vijijini: Kwa Nini Jirani Bado Anahitajika

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, ilikabidhi kaunti huduma za zimamoto. Kabla ya 2013 kazi hiyo ilikuwa ya mabaraza ya miji, ndiyo maana vituo vingi viko mijini.

Katika Mji wa Kale wa Lamu, vichochoro ni vyembamba na gari la zimamoto halipiti. Paa za makuti nazo hushika moto upesi, hivyo anayefika kwanza ni jirani mwenye ndoo.

Changamoto ni watu. Mchana wavuvi wako baharini, na vijana wengi wametoka kutafuta kazi. Wanaobaki ni akina mama na wazee. Mafunzo ya kuzima moto yasiwaache nje.

Mwananchi, ukiona moto, piga 999 au 112, kisha waite majirani.