Mchoro wa Moyo Usipotee: Kuhifadhi na Kutumiana Vipimo kwa Njia ya Kidijitali

Mgonjwa afikapo hospitali akiwa na maumivu ya kifua, miongozo ya tiba ya moyo hutaka apimwe umeme wa moyo (ECG) ndani ya dakika 10. Mara nyingine mchoro huonesha badiliko linalotia shaka, na daktari hujiuliza: je, badiliko hili ni la leo, au mgonjwa amekuwa nalo kwa miaka? Jibu limo katika mchoro wa zamani. Ukipatikana, huweza kumwepusha mgonjwa na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ambayo huweza kusababisha damu kuvuja ubongoni. Au huweza kuharakisha dawa hiyo kabla msuli wa moyo haujafa. Makala haya yanaeleza namna ya kuhifadhi na kutumiana vipimo hivyo ili visaidie pale vinapohitajika.

Wazo la zamani

Kutuma mchoro wa moyo mbali na alipo mgonjwa si jambo geni. Mwaka 1905, Willem Einthoven, mtaalamu wa fiziolojia katika mji wa Leiden nchini Uholanzi, alikuwa na mtambo wa kupimia umeme wa moyo uliokuwa mkubwa mno kupelekwa wodini. Alitumia waya wa simu kuunganisha hospitali na maabara yake, umbali wa takriban kilomita 1.5, na mchoro ukachorwa maabara ilhali mgonjwa yuko hospitalini. Mwaka 1924 alipewa Tuzo ya Nobeli kwa kazi yake ya kupima umeme wa moyo.

Kilichomo ndani ya faili

Mashine za kisasa hupima umeme wa moyo, kwa kawaida, mara 500 kwa kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kama namba. Mchoro kamili una mistari 12, lakini 4 kati yake hukokotolewa kutokana na mingine, hivyo 8 tu ndiyo inayohitaji kuhifadhiwa. Kwa mchoro wa sekunde 10, kila namba ikichukua baiti 2, jumla ni takriban kilobaiti 80. Kiasi hicho ni kidogo kuliko picha nyingi za simu. Hata zahanati yenye mtandao hafifu yaweza kukituma.

Picha za CT ni mzigo mzito zaidi. Kipande kimoja huwa na nukta 512 kwa 512, sawa na takriban nusu megabaiti. Uchunguzi wenye vipande 300 hufikia megabaiti 150. Uzito huo una sababu. Kila nukta huweza kubeba zaidi ya viwango 4,000 vya weusi na weupe, ilhali picha ya kawaida ya rangi ya kijivu hubeba 256 tu. Kwa hiyo mtaalamu huweza kurekebisha mwonekano wa kipande kilekile kwenye kompyuta, akachunguza mapafu, kisha mifupa, kisha tishu laini.

Mashine za makampuni mbalimbali huelewana kwa kufuata kiwango cha kimataifa kiitwacho DICOM, kilichopata jina hilo mwaka 1993. Faili la DICOM hubeba picha pamoja na jina na namba ya mgonjwa, tarehe, aina ya mashine, na mara nyingi ukubwa halisi wa kila nukta. Kwa taarifa hizo, uvimbe au chumba cha moyo huweza kupimwa upya kwa milimita miaka kadhaa baadaye.

Picha ya simu: faida na mipaka

Katika dharura, picha ya simu iliyotumwa kwa bingwa huweza kuokoa maisha, na hakuna sababu ya kuidharau. Hata hivyo, mchoro wa ECG husomwa kwa kuhesabu miraba: kwa kasi ya milimita 25 kwa sekunde, milimita moja ni sekunde 0.04, na badiliko la milimita moja tu huweza kuamua tiba. Karatasi iliyokunjika au picha iliyopigwa kwa upande huharibu hesabu hiyo.

Hivyo basi, mhudumu wa afya:
- ailaze karatasi mahali tambarare penye mwanga, na apige picha kutokea juu moja kwa moja;
- aoneshe mistari yote, kasi ya karatasi, tarehe na saa;
- aitume kama faili la waraka, kwa kuwa programu nyingi za ujumbe hupunguza ubora wa picha.

Kuhifadhi

Karatasi nyingi za ECG huchapwa kwa joto, nazo hufifia zikikaa juani, kwenye joto au ndani ya baadhi ya mifuko ya plastiki. Nakala ya kidijitali haififii, lakini huweza kupotea kwa siku moja kompyuta ikiharibika. Kanuni nzuri ni kuwa na nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo. Aidha, mgonjwa atambulike kwa namba ileile kila anaporudi. Kipimo kisichoweza kupatikana ni sawa na kipimo kisichofanyika.

Siri ya mgonjwa

Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 huhesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kipimo cha tiba kibaki na utambulisho kamili ili kisichanganywe na cha mtu mwingine. Cha kufundishia kiondolewe utambulisho wote. Tahadhari iwepo kwa picha za altrasaundi: jina mara nyingi huchapwa juu ya picha yenyewe, na kufuta maelezo ya faili hakuliondoi. Picha ikishatumika, ihamishiwe katika jalada la mgonjwa na kufutwa kwenye simu ya mhudumu.

Mgonjwa afanye nini?

Omba nakala ya vipimo vyako pamoja na majibu yaliyoandikwa. Ukipewa diski au faili, lihifadhi lote, si picha ya skrini tu. Mwenye ugonjwa wa valvu za moyo, ambaye hupimwa kwa miaka mingi, ana haja zaidi ya kufanya hivyo, kwani daktari huamua wakati wa upasuaji kwa kulinganisha vipimo vya jana na vya leo. Uendapo hospitali nyingine, nenda navyo.