Msikiti Usio na Paa: Ziara Yetu ya Gede



Juzi tuliwachukua wanafunzi wa chuo chetu cha hapa Ganda kwenda kuzuru magofu ya Gede, kusini mwa Malindi. Tulipofika penye Msikiti Mkuu, ambao hauna paa tena, binti mmoja alisita mlangoni, akavua viatu, akauliza: "Maalim, huu bado ni msikiti?" Wenziwe walicheka. Sisi hatukucheka.

Mji huu ulikuwapo tangu karne ya 12, ukastawi zaidi katika karne ya 15. Kaburi moja limeandikwa mwaka 802 Hijria, sawa na 1399 Miladia. Nyumba zake za mawe zina nyua, visima na vyoo. James Kirkman, aliyeanza kufukua magofu haya mwaka 1948, alizipa baadhi ya nyumba majina ya vitu vilivyokutwa ndani: mkasi, taa ya chuma, sarafu za Kichina. Wenyeji hao waliofanya biashara na ng'ambo hawakusahau tohara, kwani ubavuni mwa msikiti kuna kisima na birika la kutawadhia. Kisima hicho kilizidishwa kina, ikaonekana ni dalili kwamba maji yalikuwa yakipungua. Na hiyo ni mojawapo ya sababu zinazotajwa za mji kuhamwa. Katika karne ya 17 watu walikuwa wamekwisha kuondoka, msitu ukaingia majumbani.

Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza mji huu katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ni heshima kubwa, lakini haijibu suala la binti yetu. Tulimjibu hivi: katika madhehebu yetu ya Shafii, mahali palipowekwa wakfu kuwa msikiti hapatoki katika hukumu hiyo kwa kuanguka paa na kuta. Waliocheka wakainama, nao wakavua viatu.

Basi enyi wazazi, wapelekeni watoto Gede, ila muwafunze adabu kabla ya safari. Mihrabu si kiti cha kupigia picha. Makaburi nayo yasikaliwe, kwani Mtume (s.a.w.) amekataza. Waliozikwa pale ni Waislamu wenzetu, na haki yao kwetu ni dua.

Mwenyezi Mungu awarehemu, na atujaalie sisi na vizazi vyetu kuiamirisha misikiti yetu. Amin.