Kitabu cha madeni cha duka la Kayole kinavyoweza kukufunza lugha ya C

Ukitembea Kayole, kuanzia Masimba hadi Matopeni, huwezi kukosa duka lenye kitabu cha madeni. Mteja akija kulipa, mwenye duka anafungua ukurasa baada ya ukurasa akitafuta jina lake. Wateja wakiwa kumi, hakuna noma. Wakifika 500, na watu wamejaa mlangoni wakitaka mkate na maziwa ya asubuhi, hapo kuna shida.

Sasa tuseme umejitolea kumwandikia programu. Ikiwa inasoma majina moja baada ya jingine, mteja wa mwisho atapatikana baada ya kulinganisha mara 500. Kwa duka moja hutahisi lolote. Peleka mtindo huo kwa mfumo wenye wateja milioni moja uone utakavyokwama.

Dawa yake inaitwa jedwali la hashi. Wazo hili si geni: Hans Peter Luhn wa kampuni ya IBM aliliandika mwaka wa 1953. Badala ya kulitafuta jina, unalipigia hesabu. Herufi zake zinakupa namba, namba hiyo unaigawanya kwa idadi ya visanduku ulivyo navyo, na baki ndiyo inakuambia ufungue kisanduku gani. Unaenda hapo moja kwa moja.

Python na Java zinakupa jedwali hili likiwa tayari. Maktaba ya kawaida ya C haikupi. Unalijenga mwenyewe, na ndiyo maana ni zoezi zuri kwako unayetaka kuelewa kinachoendelea ndani ya kompyuta.

Anza na hesabu yenyewe. Njia rahisi ni kujumlisha herufi. Hata Brian Kernighan na Dennis Ritchie, katika toleo la kwanza la kitabu chao cha C la 1978, walifanya hivyo. Lakini jaribu maneno mali, lima na mila. Herufi ni zile zile, jumla ni ile ile, kwa hivyo yote matatu yanaishia kisanduku kimoja. Katika toleo la pili la 1988, waandishi hao walibadilisha: kabla ya kuongeza kila herufi, unazidisha ulichonacho kwa 31. Sasa nafasi ya herufi inahesabika.

Vijana wengi wa Nairobi waliopitia kozi ya programu ya ALX walikutana na ndugu ya hesabu hiyo, djb2 ya Daniel J. Bernstein. Inaanza na 5381, halafu inazidisha kwa 33 na kuongeza herufi. Ni nzuri, lakini ina mtego kwetu tunaotumia Kiswahili. Ukichagua visanduku 33, kila kilichozidishwa kwa 33 kinatoweka kwenye baki. Kwa maneno mafupi, inabaki herufi ya mwisho peke yake. Na maneno ya Kiswahili karibu yote yanaishia a, e, i, o au u! Utajaza visanduku vitano, namba 31, 2, 6, 12 na 18, na vingine 28 vitakaa tu bure. Chagua namba tasa kama 101 na tatizo hilo litakwisha.

Hata hivyo, migongano haiishi kabisa. Wawili wakiangukia kisanduku kimoja, waunganishe kwa mnyororo: wa kwanza anamwelekeza wa pili. Jedwali likianza kujaa, tuseme limefika robo tatu, ongeza visanduku na uwapigie hesabu upya wote waliomo, kwa sababu baki hubadilika idadi ya visanduku ikibadilika.

Mpaka hapo una jedwali la majina. Lakini kesho mweka hazina wa chama atataka kutafuta kwa namba ya mwanachama, na keshokutwa mwenye matatu atataka kwa namba ya gari. Utaandika majedwali matatu? Hapana. Unaandika moja linalobeba chochote, kwa kutumia void *, yaani kielekezi kisichojua kinaelekeza kwa kitu cha aina gani.

Hapa ndipo kazi inapoanza. Jedwali likiwa halijui limebeba nini, haliwezi kupiga hesabu wala kulinganisha. Lazima mtumiaji alikabidhi funksheni mbili:

typedef size_t (*hashi_fn)(const void *ufunguo);
typedef int (*sawa_fn)(const void *a, const void *b);

Ya kwanza inapiga hesabu, ya pili inasema kama funguo mbili ni kitu kimoja. Nazo lazima zikubaliane: vitu ambavyo ya pili inaviita sawa, ya kwanza ivipe namba ile ile. Ukiamua kwamba WANJIKU na Wanjiku ni mteja mmoja lakini hesabu yako inatofautisha herufi kubwa na ndogo, programu itamfungulia madeni mawili.

Halafu kuna kosa ambalo kompaila haitakuambia. Unasoma majina kutoka kwa faili ukitumia fgets, kila jina likiingia kwenye nafasi ile ile ya kumbukumbu. Kila mara unaliambia jedwali, "weka hili." Lakini ulichokabidhi si jina, ni anwani ya mahali jina lilipo. Ukimaliza, wateja wote 500 wanaelekeza mahali pamoja, na hapo pamebaki jina la mteja wa mwisho. Kwenye karatasi, deni la kila mtu limemwangukia yeye. Nenda ukamweleze kwamba ni kompyuta!

Kwa hivyo amua mapema nani anamiliki kumbukumbu. Ukisema jedwali ndilo linamiliki, basi linakili ufunguo kwa malloc na kuuachilia kwa free mteja akifutwa. Ukisema ni mtumiaji, asibadilishe wala kufuta kitu kabla jedwali halijamaliza nacho. Uamuzi wowote ni sawa, mradi uuandike juu ya faili yako ambapo mwenzako atauona. C haitauliza swali hilo kwa niaba yako.

Huna laptopu? Usijali. Simu ya Android yenye Termux inatosha: sakinisha clang kwa amri ya pkg install clang, na umepata kompaila bila kulipa ada yoyote. Washa -Wall ili ikuonye mapema. Ukipata kompyuta ya cyber au ya rafiki, ongeza -fsanitize=address, itakuonyesha funksheni iliyogusa kumbukumbu isiyo yako.

Jaribu wiki hii na majina 500 ya kubuni. Usipige picha kitabu cha madeni cha jirani. Deni la mtu ni siri yake, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Hesabu ni wangapi wako katika kila kisanduku. Ukikuta kimoja kina watu 60 na cha pembeni kiko tupu, rudi kwa ile funksheni yako ya kwanza.