Ghala la Sufu Lililogeuka Nyumba za Wafumi

Katika jimbo la Gloucestershire, nchini Uingereza, kando ya mto Coln, kipo kijiji kiitwacho Bibury. Hapo pana safu ya nyumba ndogo za mawe, jina lake Arlington Row, ambazo wageni husafiri kutoka nchi za mbali ili kuzitazama. Wengi hudhani kuwa tangu mwanzo zilijengwa ziwe maskani. Sivyo. Jengo hilo lilisimamishwa mnamo mwaka 1380 liwe ghala la watawa la kuwekea manyoya ya kondoo, na zamani hizo sufu ilikuwa mali kubwa ya Uingereza.

Katika karne ya 17 ghala hilo liligawanywa, likawa makao ya wafumi. Aitazamaye safu hiyo kwa makini atayaona mabadiliko hayo. Ghala halihitaji moto wala mwanga mwingi, lakini nyumba haina budi kuwa navyo. Basi zikatiwa dohani, na nafasi iliyo chini ya paa ikafanywa vyumba. Ndiyo maana vijidirisha vimetokeza katikati ya vigae.

Paa lenyewe ndilo lastahili sifa. Vigae vyake si vya udongo, bali ni mawe ya chokaa yaliyopasuliwa membamba. Katika baadhi ya machimbo ya nchi ile ya Cotswold, mawe yaliachwa nje yangali mabichi, na jalidi ya majira ya baridi ikayapasua. Kazi ya bure isiyodai mshahara! Vigae vikubwa hupangwa chini ukingoni, ambako maji ya mvua ni mengi na ukuta wauchukua uzito. Vidogo huwekwa juu kileleni. Tena paa huinama sana, kama lile la nyasi, maana likilala maji hupenya.

Nguo zilizofumwa zilipelekwa kupondwa katika kinu cha maji kilicho karibu, kisha zikaanikwa juu ya fito katika kiwanja cha mbele, kiitwacho hata leo Rack Isle. Siku hizi kiwanja hicho ni kinamasi cha ndege.

Nyumba hizo zimo katika daraja la kwanza la majengo yanayolindwa na sheria, wala hazibadilishwi pasipo kibali. Shirika la National Trust ndilo lizitunzalo. Walakini hazikufanywa makumbusho: wapangaji wangali wakiishi humo, wakipika na kulala, huku wageni wakipita na kamera hatua chache kutoka mlangoni.