Mchagua Baiskeli Si Mvivu

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Siwapingi wazee wetu, lakini nadhani hawakuwahi kununua baiskeli ya mtumba mjini Garissa. Hapa kwetu asiyechagua ndiye huonekana akitembea kwa miguu huku anaisukuma baiskeli yake mwenyewe. Nayajua haya kwa sababu yalinikuta.

Kwetu ni Madogo, ng'ambo ya daraja la Mto Tana. Nilipokuwa kidato cha kwanza nilikuwa nafika shuleni nimelowa jasho, na mara nyingi kengele imeshalia. Likizo ya Disemba nikabeba mizigo dukani, mama naye akaniongezea pesa za kuuza maziwa ya ngamia, zikatimia shilingi 6,000. Nikaenda sokoni peke yangu. Nikaona baiskeli nyekundu, inameta, gia kumi na mbili, usukani umejipinda kama pembe za kondoo. Sikuuliza mengi. Wiki ya tatu ilikuwa imeegemezwa ukutani, na hapo ukutani iko hadi leo. Mama hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Basi naandika ili mwenzangu wa shule ya kutwa asirudie kosa langu. Jambo kubwa ni moja tu: usichague baiskeli kwa rangi. Ichague kwa njia unayopita, kwa mwili wako na kwa mfuko wako.

Tuanze na njia. Ukiiacha lami hapa kwetu, unaingia kwenye mchanga. Tairi jembamba hukata mchanga kama kisu na kuzama, lakini tairi pana hutandaza uzito wako likapita juu. Ukubwa wa tairi umeandikwa ubavuni mwake. Ile nyekundu yangu iliandikwa 700 x 23, maana yake upana ni milimita 23 tu! Baiskeli nyingi za milimani zina tairi la 26 x 1.95, yaani karibu milimita 50. Blakmamba, ile nyeusi ya wazee, hutumia 28 x 1½, kama milimita 38 hivi. Hizo mbili zinaweza kufika nyumbani.

Jambo la pili ni miiba. Nani hapa hajui mathenge? Mti huu ulipandwa sehemu kame za nchi yetu katika miaka ya 1970 na 1980 ili uzuie jangwa na utupatie kuni, kumbe utaenea kila mahali. John Boyd Dunlop, aliyelifanya tairi la upepo lifae kwa baiskeli mwaka 1888 kule Belfast, hakuwahi kukutana na mwiba wa mathenge. Kwa hivyo tafuta tairi lenye mpira mnene. Tena, kabla hujalipa, pita kwa fundi wa mtaani kwenu umwulize: "Fundi, tyubu ya saizi hii unayo?" Mimi sikuuliza. Viraka vilipojaa, ikawa lazima tyubu mpya iagizwe Nairobi, zaidi ya kilomita 300 kutoka hapa, na pesa sina. Bei ya baiskeli si ile unayompa muuzaji peke yake. Ongeza tyubu, viraka na fundi, ndipo utajua kama ni rahisi au ni ghali.

Tatu, gia. Wenzangu, gia zisiwatie wazimu. Kazi yake hasa ni kumsaidia mtu kupanda milima, na Garissa ni tambarare. Mchanga ukiingia humo, unazisaga pole pole. Kwa sisi ambao si wachezaji wa mashindano, gia moja inatosha. Blakmamba ina gia moja, na breki zake huvutwa kwa fito za chuma badala ya waya. Ubaya wake ni uzito, na breki hizo hazishiki haraka sana, kwa hivyo usikimbilie watu sokoni.

Nne, mwili wako. Simama ukiwa umeikalia fremu kati ya miguu, nyayo zote mbili chini. Pawe na nafasi ya vidole vitatu au vinne kati yako na ile bomba ya juu. Kisha kaa kitini, uweke kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu ukinyooka sawasawa, kiti kiko mahali pake. Ukikaa chini mno, magoti yatakulipisha.

Tano, kagua. Inua gurudumu ulizungushe, na utazame rimu inapopita kwenye breki: ikiyumba, imepinda. Litikise gurudumu kushoto na kulia. Likicheza, huenda bering zimelegea au zimekwisha. Vuta cheni pale mbele kwenye meno. Ikiinuka ukaona nusu ya jino, imechakaa. Angalia viungo vya fremu kama vina nyufa, na uishuku rangi mpya juu ya baiskeli kuukuu. Mwisho, itisha karatasi yenye jina la muuzaji, bei na namba ya fremu, ambayo mara nyingi imegongwa chini ya pedali. Ukinunua mali ya wizi bila kujua, utaipoteza na aibu utabaki nayo wewe.

Mwaka huu abti alinisindikiza sokoni. Alikagua blakmamba moja karibu saa nzima, mpaka muuzaji akachoka.

"Abti, lakini rangi yake imechakaa," nikamnong'onezea.

"Mpwa wangu," akasema, "kwani utaendesha rangi?"

Tuliinunua kwa shilingi 5,500, tairi la nyuma tukabadilisha. Sasa asubuhi nawapelekea wateja maziwa ya mama, mdogo wangu namwacha shuleni kwake, na kengele ya shule yetu inalia nikiwa nimeshakaa darasani. Faida ya maziwa narudisha kidogo kidogo zile pesa za baiskeli nyekundu. Mama hajanidai hata siku moja, lakini deni nalijua mimi.

Basi ndugu zangu, siku ya kununua msiende peke yenu. Nendeni na mtu mzima asiye na haraka. Kwaherini.